Gari Lililojificha Ndani ya Kompyuta ya Haji Mbaruku

Juzi mjukuu wangu alikuwa amejikunyata jikoni karibu na mkaa, simu mkononi, anabonyeza kwa kidole gumba huku ulimi umemtoka. Nikamuuliza, wewe, si ulisema mtandao umekatika? Akanijibu bila kuinua macho: "Umekatika, bibi. Ndiyo maana nacheza." Akanionyesha mnyama fulani wa kale mwenye mkia, anakimbia jangwani na kuruka miiba. Eti mchezo huo unakaa umejificha humohumo kwenye simu, unasubiri mtandao ufe ndipo ujitokeze. Akanieleza, kwa ile sauti mnayotumia kutufundisha sisi wazee, kwamba siku hizi kila mahali pana mchezo uliofichwa: kwenye ramani kuna nyoka, kwenye ukurasa wa kutafutia habari kuna mpira wa kubomolea matofali. "Ni vitu vya kisasa, bibi, huwezi kuvijua."

Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia, mwanangu, mchezo wa namna hiyo ulinishikia kazi yangu Makambako, halafu nusura uniachishe kazi hiyohiyo, na wakati huo baba yako alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Hapo ndipo aliponitazama.

Basi na nyie wengine mnaokaa maofisini, sikilizeni. Mimi ni mpiga chapa. Sikuwahi kuwa kitu kingine, wala sikutaka. Nilijifunza kazi hii Njombe, kwenye shirika moja la umma, chini ya mwanamke aliyeitwa Mama Mgaya. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kukemea hata anapokusifia. Alikuwa akinifunika mikono kwa khanga ili nisione herufi, halafu anasimama nyuma yangu. "Macho kwenye karatasi, Tumaini. Vidole vinajua kwao." Nikikosea, alinipiga begani kwa rula, si kwa kuniumiza, bali kunijulisha kwamba ameona. Nyie mnaochapa kwa vidole viwili mkitazama chini kama mnachambua mchele, yeye angewamaliza.

Lakini kubwa kuliko yote kwa Mama Mgaya lilikuwa usafi wa mashine. Kila asubuhi, kabla hajamjibu mtu salamu, alichukua kitambaa chenye tone la mafuta ya taa akafuta taipureta yote, herufi moja moja, kisha akapitisha kiganja kizima juu ya vibonyezo vyote kwa mkupuo. Mkuu wa idara aliwahi kumwambia "Kamwene, mama," mara mbili bila kujibiwa. Alipomaliza kufuta ndipo akamgeukia: "Kamwene, mzee. Nilikuwa na mashine." Kitambaa hicho kishikeni vizuri kichwani, maana ndicho kilichotuletea yote.

Ikaja miaka ya soko huria. Shirika letu likauzwa, sisi tukapunguzwa, na wale wanunuzi wapya wakaona taipureta ni vyuma chakavu. Mama Mgaya alikuwa mjane, kwao Yakobi, watoto bado wako shule. Tukahangaika mpaka tukapata kazi sote wawili Makambako kwa Haji Mbaruku, msafirishaji aliyetoka Kondoa na marobota ya mitumba, na wakati huo alikuwa na malori kadhaa yakienda huku na huko, dereva wake mkuu akiwa Kadiri. Haji alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alikuwa anaanza kukujibu kabla hujamaliza kuuliza, na mara nyingi jibu lilikuwa la swali jingine.

Siku moja akaleta kompyuta kutoka Dar. Ilisafiri kebini, imefungwa blanketi, imekaa katikati ya dereva na utingo, na utingo aliniambia kwamba njia nzima alikatazwa kukohoa. Haji akaiweka juu ya meza, akaitazama kama ng'ombe aliyenunuliwa mnadani, kisha akatutamkia sharti lake.

"Sikilizeni, akina mama. Mavuno ya mahindi yakiisha, kama hiki kitu hakijanifaa, nakiuza. Na ofisi naifunga. Biashara yangu nilikuwa naiweka kichwani, na kichwa hakikatiki umeme."

Alipotoka, Mama Mgaya alivuta kiti, akakaa. Kisha akasema, "Tumaini, mimi hapa nikitolewa narudi kulima viazi, na mgongo wangu umeshakataa viazi." Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa mashine kabla ya hapo.

Mtacheka, lakini kompyuta wakati ule iliheshimiwa. Ulivua viatu mlangoni. Makambako na baridi yake ile ya mwezi wa saba, sisi tuko peku juu ya saruji, soksi mbilimbili, eti vumbi lisiingie. Mama Mgaya aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika kichwani, chenye maua pembeni. Faida pekee aliyoiona mwanzoni ni kwamba kisogo cha kioo chake kilitoa joto, kwa hiyo kati ya barua na barua alikuwa anakikumbatia kupasha mikono joto.

Makosa tuliyafanya. Mama Mgaya, kila alipofika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto uliruka wenyewe kurudisha roli la taipureta, ambalo halikuwepo, ukakipiga kioo kofi. Ilipofika saa ya chai kioo kilikuwa kimesogea mpaka ukingoni mwa meza, nami nakirudisha. Mimi nilichapa barua za siku nzima kwa madaha, umeme ukakatika, zikaenda zote. Nililia machozi kabisa. Tangu siku hiyo mpaka nastaafu, kila nilipoweka nukta nilihifadhi. Fanyeni hivyohivyo. Msiniambie siku hizi mashine inahifadhi yenyewe, mimi sijawahi kuiamini.

Sasa asubuhi moja Mama Mgaya alikuwa anafuta mashine kama kawaida yake. Kosa, kama ni kosa, ni kwamba nilikuwa nimeshaiwasha na kufungua ile programu ya kupigia hesabu yenye vijumba vingi. Kiganja cha kushoto na kitambaa chake kimelala juu ya vibonyezo vya pembeni, mkono wa kulia unafuta kipanya, unakisugua huku na huko, unakibonyeza kutoa uchafu. Ghafla vijumba vyote vikatoweka. Kioo kikawa cheusi. Halafu ikatokea barabara.

Barabara kweli, wajukuu zangu, unaiona kutoka juu, na gari dogo linapanda nayo, magari mengine yanaliparamia. Mama Mgaya akarudi nyuma mpaka ukutani. "Yesu wangu. Nimeiua."

Baadaye sana fundi mmoja kijana kutoka Mbeya alitueleza huku akicheka mpaka akakaa chini. Wale waliotengeneza programu ile walikuwa wamechoka na kazi, wakaficha ndani yake mchezo wa gari, kama ile ya mashine za kutumbukizia sarafu kwenye kumbi za starehe za mijini, na ili uufungue ulipaswa uende mpaka kijumba fulani cha mbali kabisa, ushikilie vibonyezo kadhaa kwa pamoja na ubonyeze picha fulani. Mimi nilijaribu kwa akili zangu zote nikashindwa. Mama Mgaya alihitaji kitambaa tu. Akipitisha kile kiganja chake, barabara inatokea. Bila kitambaa, haitokei. Usiniulize.

Na aliupenda. Mwanamke ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, ndani ya siku chache alikuwa anakata kona huku mwili wote umelalia upande mmoja wa kiti. Hapo ndipo uoga ulipomtoka. Makofi ya kwenye kioo yakaisha, vidole vikapata kwao, na barua zake zikaanza kutoka safi kuliko zangu. Tuliucheza saa ya chakula, mlango umefungwa, na mimi nikimwambia, "Mama, kulia! Kulia!" kama tuko kwenye kona za mlima Kitonga.

Ndivyo Haji alivyotukuta. Hakubisha hodi, maana ofisi ni yake. Alisimama nyuma yetu, viatu mkononi, akatazama kioo. Katika mchezo ule, ukibonyeza kitufe fulani, gari lako humwaga mafuta barabarani ili wanaokufuata wateleze. Mama Mgaya, kwa kushtuka, alikibonyeza.

"Inavuja oili!" Haji akapiga kelele.

"Haji, huu ni..." Mama Mgaya alianza.

"Nilimwambia Kadiri abadilishe sili ya injini! Nilimwambia! Hapo ni wapi, amefika wapi?"

"Haji, hili ni gari la mchezo tu."

"Ni mchezo kumwaga oili yangu barabarani? Ataua injini!" Na alikuwa ameshatoka. Tulimsikia uani akimwita makanika, pikapu ikanguruma, wakaenda zao njia ya Njombe, Haji bado peku.

Msimcheke sana. Kipindi kile watu walikuwa wanahadithiana kwamba Ulaya kompyuta inaliona gari popote lilipo, kutoka angani. Naye alikuwa ameinunua kompyuta, tena ya bei mbaya, na mbele yake kuna gari linaonekana kutoka angani. Ungemtaka afikiri nini?

Sasa balaa ni hili. Kadiri alipaswa kuwa njiani kuelekea Njombe. Haji hakumkuta. Akaulizauliza barabarani, akaelekezwa, akamkuta Igwachanya, ambako hakutumwa kabisa, anapakia magunia ya viazi ya mtu mwingine. Na chini ya lori kulikuwa na dimbwi la oili. Niambieni, ni lori gani la wakati ule lilikuwa halivuji oili?

Jioni Haji alirudi akaja moja kwa moja ofisini. Akaishika kompyuta kichwani, juu ya kile kitambaa cha maua, kama unavyomshika mtoto aliyefaulu mtihani. "Haiuzwi," akasema. "Wallahi haiuzwi."

Mama Mgaya alijaribu tena kusema. Alikuwa ameshafungua mdomo. Haji akamwambia, "Bi mkubwa, usinieleze inavyofanya kazi, mimi sikusoma. Wewe iangalie tu." Akaondoka. Tukatazamana. Mimi nilimwambia, "Mama, tumejitahidi." Ndani ya moyo nilikuwa na furaha, kwa kweli. Kazi ilikuwa salama.

Habari ikasambaa kwa madereva. Wale waliozoea kupinda njia wakawa wananyooka. Kuna aliyekuwa akifika kona ya kuingia mjini anatoa mkono dirishani na kuipungia mbingu. Mwingine alianza kuvaa shati la mikono mirefu, kwa sababu alisikia tunamwona. Kadiri ndiye aliyetia fora. Alimwaga majani ya mahindi juu ya kebini, akayafunga kwa kamba, lori likawa kama kibanda cha kulinda ngedere. Nilipomuuliza alisema ni kwa ajili ya jua. Makambako, jua!

Walinisogelea pia. "Dada Tumaini," Kadiri aliniambia siku moja, akiwa amenibebea kisado cha parachichi, "ukiniona nimesimama pale Wanging'ombe, ni kuswali tu." Nikamwambia nimepokea salamu zake. Ningesema nini?

Msimu wa mahindi ukaisha na Haji hakukumbuka hata sharti lake. Wasafirishaji wenzake walikuja kushangaa, wakajipanga mlangoni peku, na Mama Mgaya akawa anajitetea kwamba leo mashine imechoka. Kila walipoondoka alikuwa anafuta jasho. "Tumaini, hili jambo litatuumbua." Nami najibu, litatuumbua kesho, leo tuchape.

Kesho hiyo ikaja na mvua. Kadiri alikuwa ametumwa Ludewa, na mnaijua ile barabara, milima na makorongo mpaka unasahau ulikotoka. Siku yake ya kurudi ikapita. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Mchana, abiria wa basi dogo wakaleta habari kwamba kuna lori limeanguka bondeni njia ya Ludewa, hawakujua la nani. Haji alikuwa anatembea uani chini ya mvua bila mwavuli.

Hapo akaja mke wa Kadiri, Mama Zawadi, mtoto mgongoni, wamelowa wote. Alivua kandambili zake mlangoni, akazipanga vizuri pamoja. Hakulia. Alisema tu, "Shikamoo, mama. Nimekuja kumwona."

"Marahaba, mwanangu. Kumwona nani?"

"Baba Zawadi. Wanasema humu ndani anaonekana."

Haji alikuwa ameingia nyuma yake. "Mwonyesheni," akasema. "Hata mimi nilikuwa nakuja kwa hilo hilo."

Mama Mgaya akachukua kitambaa. Nikamwona akikikunja, akikikunjua. Nilijua anachofikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hicho hicho: apitishe kiganja, gari litokee, alipitishe kona mbili tatu salama, mama huyu aende nyumbani akalale. Angeweza. Hakuna aliyelijua gari lile kama yeye. Akakiweka kitambaa mezani.

"Mwanangu, humu hamna Kadiri. Hajawahi kuwemo. Ni mchezo, wa kuchezea watoto. Anayeendesha ni mimi."

Mvua ilikuwa inapiga bati, nikatamani ipige zaidi.

"Na oili?" Haji aliuliza taratibu.

"Ilivuja yenyewe, Haji."

"Na Igwachanya?"

"Alikwenda mwenyewe, Haji. Nilikuambia ni mchezo. Ningekuambia tena na tena. Sikutaka kurudi kwenye viazi."

 Haji alimtazama Mama Mgaya, akamtazama mke wa Kadiri. Kisha akavaa mabuti yake ya mvua mle mle ndani, juu ya sakafu yetu ya kompyuta, akasema, "Twende, mwanangu, tukamtafute kwa macho yetu." Wakapanda pikapu na makanika. Mtoto akabaki kwangu.

Sisi tulikusanya vitu vyetu. Mama Mgaya alikivua kile kitambaa cha maua kwenye kioo, akakikunja, akakitia kwenye kikapu pamoja na kikombe chake. Alilia kidogo. Alisema halilii kazi, analilia yule dada alivyozipanga kandambili zake.

Kesho yake tulikuja ili tuage kwa heshima. Karibu na adhuhuri tukasikia honi, ile ndefu ya Kadiri ambayo nilikuwa nikiichukia. Lori likaingia uani, tope mpaka madirishani, mke wake amekaa mbele. Lililoanguka lilikuwa la watu wengine, na walioanguka nalo walitoka wazima. Kadiri alikwama nyuma yake, akakaa kusaidia kushusha mzigo. Haji alisimulia kwamba alilitambua lori kutoka mlima wa pili, kwa sababu ya majani ya mahindi. Hakuna lori jingine nchi hii lenye majani juu.

Haji akaingia ofisini. Safari hii alivua viatu. Akakiona kikapu.

"Haji, tumekuja kuaga," Mama Mgaya alisema.

"Washa."

"Haji..."

"Nimesema washa. Kitambaa kiko wapi? Na Kadiri mwite."

Kadiri akakalishwa kwenye kiti, mikono bado ina tope, akaelezwa yote. Nilidhani atakasirika. Alitazama ile barabara, akatabasamu tabasamu la mtu aliyeendesha tangu Tanga mpaka Tunduma. "Hii tu?" Akashika vibonyezo. Kona ya kwanza akaingia mtaroni. Akasema kiti kiko chini. Akarudia, akaingia mtaroni. Akasema usukani hauna uzito. Akarudia, akagonga gari lililosimama.

"Na lori langu ndivyo unavyoliendesha?" Haji alinguruma. "Toka! Bi mkubwa, kaa."

Mama Mgaya akakaa. Akalala na kona zote, kushoto, kulia, akamwaga oili waliomfuata wakateleza, huku dereva mkuu wa Haji Mbaruku amesimama nyuma yake, mdomo wazi. Mke wa Kadiri alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga. Haji alicheka pia, akakohoa, akafuta macho. Halafu akaona rundo la karatasi mezani.

"Na hizi hati za mizigo ya Songea mbona hazijachapwa? Mnacheza tu siku nzima?"

Mama Mgaya alikitoa kitambaa cha maua kwenye kikapu, akakirudisha juu ya kioo, akakinyoosha pembeni.

Tulikaa hapo miaka mingi baadaye. Lakini siku ile, nilipotoka kumwaga majani ya chai, nilimkuta Kadiri amepanda juu ya kebini, anafagia yale majani ya mahindi na kuyatupa chini. Yaliisha karibu yote. Machache aliyaacha, pale juu ya kiti chake. Nikamuuliza kwa nini, na mwenyewe ameshauona mchezo kwa macho yake. Alitazama juu kwanza, kisha akainama kunijibu polepole.

"Dada Tumaini, ile ya kwenu ni mchezo. Je, wakinunua nyingine?"